Kuijua simu si kuijua mitambo ya kanisa
Tangu ibada zilipohamia mtandaoni mwaka 2020 kwa sababu ya korona, makanisa mengi ya Nairobi yamewakabidhi vijana mitambo ya sauti na kamera kwa kuamini kwamba anayeijua simu anaijua mitambo pia. Dhana hiyo si sahihi, na inawaumiza vijana wenyewe. Maikrofoni inapotoa mlio mkali katikati ya maombi, chanzo huwa ni sauti ya spika kuingia tena kwenye maikrofoni na kukuzwa upya, mzunguko usiokoma mpaka sauti ipunguzwe, maikrofoni isogezwe nyuma ya spika, au masafa ya sauti (frikwensi) yanayolia yashushwe kwenye mitambo. Simu haimfundishi mtu hayo. Hujifunza kwa kuketi kando ya mwenye uzoefu siku ya Jumamosi, kanisa likiwa tupu, ambapo kukosea hakumwaibishi yeyote (ingawa kanisa tupu huvuma kuliko lililojaa watu, hivyo viwango vya sauti hurekebishwa tena Jumapili). Kijana huyo anahitaji pia zamu ya kupumzika ili naye aketi na kuabudu, na mzee wa kanisa atakayemtetea waumini wanapogeuka kumkodolea macho.