Christian Streich: kiungo wa daraja la pili aliyekaa na vijana miaka 16 kabla dunia haijamjua

Christian Streich, kocha mkuu wa zamani wa SC Freiburg ya Ujerumani, alicheza Bundesliga, ligi kuu ya huko, mechi 10 tu maisha yake yote, akiwa na FC Homburg msimu wa 1989/90, timu ambayo ilishuka daraja msimu huo huo. Kabla ya hapo alikuwa kiungo wa kawaida kabisa wa madaraja ya chini, kaanza Freiburger FC, kaenda Stuttgarter Kickers, kapita SC Freiburg msimu wa 1987/88 enzi hizo ikiwa daraja la pili, na pale alicheza timu moja na Joachim Löw, huyo huyo aliyekuja kuipa Ujerumani Kombe la Dunia 2014. Ukiangalia CV ya uchezaji wake huoni kitu cha kukufanya umpe timu.

Nafundisha vijana mpira na kila mara nikikaa na makocha wenzangu naona watu wanamzungumzia Streich kuanzia Desemba 2011 alipopewa timu kubwa ya Freiburg, yaani wanaanzia katikati ya hadithi. Mi nasema kazi yake yenyewe ni ile miaka 16 ya nyuma, 1995 mpaka 2011, ambayo hakuna kamera iliyokuwa inamfuata. Ukiielewa hiyo ndo utaelewa kwanini huyu jamaa alidumu klabu moja miaka 12 na nusu kama kocha mkuu kwenye ligi ambayo makocha wanatimuliwa kila baada ya miezi michache.

Kwanza jua anakotoka. Ni mtoto wa muuza nyama, amekulia Eimeldingen, kijiji cha kusini kabisa mwa Ujerumani karibu na mipaka ya Uswisi na Ufaransa, na mpaka leo anaongea Kijerumani cha huko huko kwao, hata kwenye press conference hajawahi kujifanya mtu wa mjini. Alisomea kazi ya ofisi ya kiwanda kwanza, baadae akarudi shule ya watu wazima akapata cheti cha kuingia chuo, akasoma ualimu Freiburg, masomo ya Kijerumani, historia na michezo. Kwahiyo 1995 anapoanza kufundisha vijana wa SC Freiburg, anaingia kama mwalimu ambaye pia amecheza mpira. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko zile mechi 10.

Klabu yenyewe wakati huo ilikuwa chini ya kocha Volker Finke, aliyekaa toka 1991 hadi 2007, na Freiburg haikuwa na hela ya kushindana na Bayern wala Dortmund kwenye usajili. Wakaamua pesa yao waiweke kwenye kulea. Mwaka 2001 wakafungua akademi yao pale Möslestadion, uwanja ambao zamani ulikuwa wa Freiburger FC, mahasimu wao wa mjini, klabu ile ile aliyoanzia Streich! Kipindi hicho hicho soka la Ujerumani lilikuwa limetikiswa na Euro 2000, timu ya taifa ilitolewa makundi bila kushinda hata mechi moja, na baada ya hapo ikawekwa sharti kwamba klabu za Bundesliga lazima ziwe na akademi ndo zipate leseni. Kwa wengine lile lilikuwa sharti la kutimiza kwenye makaratasi, kwa Freiburg ndo lilikuwa tegemeo lao la kuishi, na shule ya watoto ikachukuliwa kwa uzito sawa na mazoezi.

Matokeo yakaja taratibu. Streich akiwa na timu ya vijana chini ya miaka 19 akachukua kombe la vijana la DFB, chama cha soka cha Ujerumani, 2006, 2009 na 2011, na katikati hapo 2008 ubingwa wa Ujerumani wa umri huo. Akina Ömer Toprak na kipa Oliver Baumann wametokea humo humo. Lakini naomba makocha wenzangu msiangalie makombe, angalieni kwamba mtu anayefundisha vijana miaka yote hiyo analazimika kila msimu kuanza upya na watoto wapya, wengine wanasinzia, wengine wana matatizo nyumbani, na anajifunza kueleza kitu kile kile kwa njia tofauti mpaka kieleweke. Kocha wa timu kubwa anaweza kununua mchezaji anayeelewa tayari, kocha wa vijana hana huo mlango.

Sasa njoo Desemba 2011. Freiburg wa mwisho kwenye msimamo, pointi 13 katika mechi 17, kocha Marcus Sorg anatimuliwa na Streich anapewa timu tarehe 29. Dirisha dogo linafunguliwa, straika wao Papiss Cissé anauzwa Newcastle, wazoefu kadhaa wanaachwa akiwemo kapteni Heiko Butscher, na badala yake wanapandishwa watoto wa akademi. Watu wengi waliona ndo wanashuka hivyo. Mechi ya kwanza dhidi ya Augsburg anaingizwa dogo wa miaka 18, Matthias Ginter, mechi yake ya kwanza kabisa ya Bundesliga, anafunga goli pekee dakika za mwishoni. Mzunguko wa pili wakakusanya pointi 27, wakamaliza wa 12. Haikuwa bahati. Wale watoto aliwajua vizuri kuliko mtu yeyote, hakuhitaji miezi ya kuwasoma, na timu nzima ikawa inakaba kwa pamoja kuanzia juu, mpira ukipotea wote wanaufuata.

Msimu uliofuata wakamaliza wa tano, nafasi moja tu nje ya Champions League, halafu klabu kubwa zikaja kuwanyofoa, Max Kruse kaenda Mönchengladbach, kiungo Cédric Makiadi mzaliwa wa Kinshasa kaenda Bremen, na wengine. 2015 wakashuka daraja. Hapa ndo naipenda ile klabu kwa moyo wote, hawakumfukuza! Kwao kushuka ni kitu kinachoweza kutokea kwa timu ya saizi yao, na Nils Petersen naye akakubali kubaki, akafunga magoli 21 daraja la pili, wakarudi 2016 wakiwa mabingwa.

Baada ya hapo ni kupanda tu taratibu. Fainali ya kombe la DFB 2022 waliongoza kwa goli la Maximilian Eggestein, Leipzig wakabaki kumi, bado wakasawazisha na Freiburg wakafa kwa matuta, iliniuma sana ile. 2023 wakamaliza wa tano, wakacheza Ulaya, na Streich alikuwa bado anaenda kazini kwa baiskeli na bado anasema wazi msimamo wake dhidi ya chuki kwa wakimbizi, mambo ambayo makocha wengi wanayakwepa.

Machi 2024 akatangaza anaondoka mwisho wa msimu, na klabu haikuhangaika kutafuta jina kubwa. Wakampa Julian Schuster, kiungo pia, kapteni wa zamani wa Streich, ambaye toka astaafu 2018 walikuwa wamemweka kwenye kazi ya kuunganisha akademi na timu kubwa. Msimu wake wa kwanza, 2024/25, akamaliza wa tano.