Dundu wa mavi si chonga: acheni kunyunyizia samadi mbichi dawa

Masika yakianza, ofisi yetu hupokea malalamiko kuhusu wadudu weusi wanaojigonga kwenye taa usiku na kujichimbia katika mavi ya ng'ombe. Safari hii yamekuja na jambo baya zaidi. Wapo wafugaji wa upande wa Likoni na Mwakirunge, hapa Mombasa, wanaonyunyizia samadi mbichi dawa ya kuua wadudu, wakiamini kwamba wanaokoa minazi.

Uchungu wao tunauelewa, kwani chonga, mdudu mweusi mwenye pembe, hutoboa moyo wa mnazi na hasara yake si ndogo. Lakini chonga hana haja na mavi ya leo asubuhi. Mabuu wake hukulia ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi ya zamani. Anayekimbilia kinyesi kibichi ni dundu wa mavi, na huyo hajala mnazi wa mtu yeyote. Pembe isikudanganye, maana baadhi ya madundu wa mavi nao wana pembe. Tazama kichwa cha dundu wa mavi: kwa mbele ni bapa kama koleo, na miguu ya mbele ni mipana, ina meno ya kuchimbia. Ukilivunja donge la kinyesi alilozika, utamkuta buu mmoja aliyejikunja, ana nundu mgongoni, na chakula kimemzunguka pande zote. Mabuu wa chonga hawalelewi hivyo.

Kosa la pili tunalolisikia ni kudhani kwamba hao wote ni mdudu mmoja. Katika kinyesi kimoja cha ng'ombe mnaweza kuwa na aina nyingi, na hazipendani. Kinyesi ni mali isiyokaa; jua la Pwani hukikausha upesi, kwa hiyo kila aina imebuni njia yake ya kuwahi. Wako wanaokata kipande, wakakifinyanga kuwa mpira na kuusukuma kinyumenyume kwa miguu ya nyuma hadi mbali na msongamano, ndipo wauzike. Wengine huchimba mashimo papo hapo chini ya kinyesi na kukishusha kidogo kidogo. Kundi la tatu hukaa ndani ya kinyesi chenyewe na kuzaliana humo. Hawa ndio wanyonge: wachimbaji na wasukumaji wakija kwa wingi, nyumba yao huisha kabla watoto hawajakua. Na hapo hatujawataja wezi, wale wadogo wanaojipenyeza kwenye shimo la mkubwa na kutaga katika donge ambalo hawakulitengeneza.

Utafiti uliofanywa Tsavo miaka ya 1970, kwenye kinyesi cha tembo, ulionyesha jambo ambalo binafsi bado linanistaajabisha. Madundu wanaosukuma mipira hupasha miili yao joto kwa kutumia misuli ya kifua, na katika kunyang'anyana mpira, mwenye mwili wa moto zaidi ndiye mara nyingi huondoka nao. Ukubwa unasaidia, ila joto lina neno lake. Aina nyingine hukwepa ugomvi kwa zamu: hawa huruka mchana, wale usiku, na wengine huchagua kati ya udongo wa mchanga na wa mfinyanzi.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na hapa kunguru ni mfugaji. Kwa sababu wanagombania, kinyesi huzikwa haraka, udongo hupata rutuba na hewa, na nzi hukosa pa kuzalia. Katika joto kama letu, nzi wa nyumbani huweza kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10. Australia iliyaona haya kwa gharama: madundu wake wa asili walizoea kinyesi cha kangaruu, mavi ya ng'ombe yakabaki malishoni na nzi wakazidi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaanza kuachilia madundu waliotoka Afrika.

Dawa unayonyunyizia haichagui. Madundu wakubwa, ambao ndio huzika kingi na kwa kina, hutaga mayai machache sana, basi wakifa hukawia kurudi. Watakaotangulia kurudi ni wadogo, na hao peke yao hawamalizi kazi. Dawa za minyoo za jamii ya ivamektini nazo hutoka na kinyesi na kuua mabuu kwa siku kadhaa baada ya mnyama kutibiwa. Mtibu mnyama anayehitaji, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Kuchoma zizi zima sindano kwa sababu jirani amefanya hivyo si kinga.

Sasa kuhusu wanaouliza bei ya madundu. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haiishii kwa tembo. Mdudu wa asili wa nchi hii yumo. Mei 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwahukumu watu wanne waliopatikana na sisimizi hai: faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Mtafiti anayetaka kukusanya aanze na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, apate ruhusa ya mamlaka za wanyamapori, kisha kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006, ambacho hudai idhini ya jamii husika iliyotolewa kabla, pamoja na makubaliano ya kugawana manufaa. Hatua moja haifuti nyingine. Mwanafunzi anayemtazama dundu zizini kwa babake na kumwacha hapo hahitaji kibali. Kwa hilo msitupigie simu, tafadhali.

Mwenye chonga kweli ayaondoe magogo yaliyooza, apindue rundo la samadi ya zamani na kuwaokota mabuu kwa mkono. Kuku watawamaliza.