Nati ya gitaa haing'oki kwa ubabe

Kaja tena mtu na gitaa lenye pengo mwisho wa ubao wa vidole, ule wa shingoni unaobania nyuzi, kibanzi chenyewe kakifunga kwenye kikaratasi, eti fundi hiki kitarudi? Sikuhitaji kumuuliza ilikuwaje. Kabana nati, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi kati ya ubao wa vidole na kichwa cha gitaa, akaivuta juu na plaizi kama anang'oa jino.

Hii ndo inanichosha kuliko zote, kwamba nati ya kiwandani ikigoma basi hujaweka nguvu ya kutosha. Jamani, mara nyingi kinachoishika sio gundi peke yake, ni vanishi. Magitaa mengi yanapuliziwa vanishi nati ikiwa tayari imekaa, kwa hiyo nati na mbao vimevaa ngozi moja, ukivuta unachuna vyote. Chukua wembe mpya, pitisha taratibu kila mahali nati inapokutana na mbao, mara tatu nne, kingo za pembeni usizisahau, mpaka usikie wembe umezama. Halafu angalia imekaaje. Kama imeegemea mwisho wa ubao wa vidole, kama kwenye magitaa ya Gibson, weka kijiti kigumu upande wa freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole) ugonge kidogo kuelekea kichwani. Kama imezama kwenye mfereji wenye mbao pande zote mbili, kama Fender, usithubutu kuigonga hivyo, utavunja ule ukuta wa mbao, hiyo inasukumwa kwa ubavu itoke pembeni.

Bado imegoma? Mi hapo sibembelezi. Nachukua msumeno mwembamba naikata nati kwa urefu wake, katikati, nasimama kabla meno hayajagusa mbao, kisha naibana na plaizi, nusu mbili zinajikunja kwa ndani na kuachia. Watu wanashtuka sana nikisema hivi, eti unaiharibu, sasa si unaitoa ili uitupe? Nati ni ya kutupa, shingo sio ya kutupa.

Lingine, eti mpya imwagiwe supagluu isicheze. Matone mawili madogo yanatosha kabisa, nyuzi zenyewe zinaikandamiza chini mchana na usiku. Ukiimwagia unamtegea fundi atakayekuja baada yako.

Eti nati ya mfupa inabadilisha sauti ya gitaa zima. Ukishabana uzi kwenye freti, uzi unaanza kutetemeka kutoka kwenye freti, nati haina kazi tena hapo, tofauti tafuta kwenye nyuzi za wazi, zisizobanwa popote. Mfupa naupenda sana, ila sio dawa ya kila kitu.

Eti gitaa halikai kwenye tyuni kwa hiyo nunua funguo mpya za kukazia nyuzi. Tyuni taratibu usikilize, ukisikia "tik" halafu sauti inaruka, uzi unanasa kwenye mfereji wa nati. Paka unga wa penseli kwanza, na ikiendelea mfereji unapanuliwa kwa faili yake. Kuchimba chini ni habari nyingine, ukizidisha uzi wa wazi unazomea kwenye freti ya kwanza. Bana uzi freti ya tatu, juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ya karatasi hivi, ikishafika hapo weka faili chini.

Na kabla hujagonga chochote, kama nati yako ni ya chuma yenye vibanio vya kufunga nyuzi, aina ya Floyd Rose, hiyo imefungwa kwa skrubu. Nyingine zinaingilia nyuma ya shingo. Geuza gitaa uangalie.