Beki wa hoki hapimwi kwa pointi za ujanani

Watu wengi wanaamini beki kijana wa hoki ya barafuni akiwa mrefu, ana shuti kali na amejaza pointi kwenye ligi za vijana, basi NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ni yake. Hapana jamani. Kule kwa vijana ana muda, anachukua paki (kile kisahani cha mpira wanachokipiga) anatulia anaangalia anachagua, na akikosea, mwili wake au mbio zake zinamwokoa.

Sasa mpeleke kwa wakubwa. Paki imetupwa kwenye kona nyuma ya goli lake, anaifuata huku amewapa mgongo wapinzani na fowadi mzito anamjia kasi. Beki mzuri anageuza shingo mara mbili kabla hajafika, kwa hiyo akiigusa tu tayari anajua inaenda kwa nani, pasi moja wametoka. Asiyeangalia anabamizwa ukutani au anaitupa hovyo, kocha akiona hivyo mara tatu nne anamweka benchi. Kwangu mimi hiyo shingo ndo kila kitu.

Beki Griffin Reinhart alichaguliwa wa 4 kwenye drafti ya 2012, pale timu za NHL zinapochagua vijana kwa zamu, mrefu kweli, akaishia mechi 37 tu za NHL. Nicklas Lidström alikuwa wa 53 mwaka 1989, akabaki kwanza kucheza kwao Uswidi, akaingia timu ya Detroit 1991, na tuzo ya Norris ya beki bora akaichukua mara 7.

Na msimfute beki wa miaka 20, nafasi hii inajifunzwa polepole sana, Zdeno Chara alibadilishwa na timu yake ya Islanders kwenda timu nyingine 2001 halafu Norris akaipata 2009 akiwa na miaka 32.