Kwa nini dawa ya sonona hutuliza maumivu ya neva pale parasetamoli inaposhindwa?

Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake huwaka moto usiku kucha, kiasi kwamba hata shuka likimgusa anaumia, kwa kawaida huanza na parasetamoli au diklofenaki, na mara nyingi hapati nafuu. Akifika kliniki huenda akaandikiwa amitriptilini, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu sonona, au gabapentini, ambayo hutumika pia kwa kifafa. Wapo wanaoondoka wakiamini kuwa daktari ameyaona maumivu yao kuwa ya kufikirika tu, na wengine huziacha dawa hizo kwa sababu hiyo. Ni hasara kubwa, kwa maana maelezo machache yangetosha kuwatoa wasiwasi.

Diklofenaki hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kemikali zinazochochea miisho ya neva mahali palipojeruhiwa au kuvimba. Katika maumivu ya neva, iliyoharibika ni neva yenyewe, iwe ni kwa kisukari, mkanda wa jeshi au ukoma, nayo hutuma ishara za maumivu hata pasipo jeraha jipya. Ishara hizo huingia katika pembe ya nyuma ya ugwe mgongo, yaani ule mkusanyiko wa neva uliomo ndani ya uti wa mgongo. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kuwa hapo pana lango linaloweza kuzuia ishara au kuziruhusu zipande hadi kwenye ubongo.

Linaloharibu lango hilo si neva peke yake. Ugwe mgongo una seli za kinga ziitwazo maikroglia, ambazo huamka neva inapoumia. Mwaka 2003 watafiti wa Japani, akiwemo Makoto Tsuda na Kazuhide Inoue, walionyesha kwamba kwa panya waliojeruhiwa neva, maikroglia huongeza vipokezi viitwavyo P2X4, yaani protini zinazopokea ishara za kemikali, na kwamba vikizuiwa, maumivu ya kuguswa hupungua. Miaka miwili baadaye ilionekana kuwa seli hizo hutoa protini ya BDNF, ambayo huvuruga uwezo wa neva za ugwe mgongo kuondoa kloraidi, chembe zenye chaji hasi. Kloraidi ikijaa ndani ya neva, kemikali ya GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza, hupoteza nguvu na pengine huzichochea. Ndipo mguso wa shuka unapogeuka kuwa maumivu.

Gabapentini hujishikiza kwenye sehemu ya milango ya kalisi, yaani njia ambazo madini hayo huingilia, katika miisho ya neva, ikapunguza kemikali zinazopeleka ishara mbele. Amitriptilini huzifanya kemikali za noradrenalini na serotonini zidumu zaidi katika neva zinazoshuka kutoka ubongoni kuja kutuliza ugwe mgongo. Kwa maumivu, kipimo chake huwa kidogo kuliko cha sonona, mara nyingi kikianzia miligramu 10 hadi 25 usiku, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Wazee na wenye maradhi ya moyo huhitaji uangalizi wa karibu, na dawa zote mbili hazifai kuachwa ghafla.

Dawa hizi hazimsaidii kila mtu, ndiyo maana watafiti wanazilenga maikroglia zenyewe. Hata hivyo, propentofilini, dawa iliyozituliza vizuri kwa panya, haikuwasaidia wagonjwa wenye maumivu yatokanayo na mkanda wa jeshi. Isitoshe, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kuzizuia maikroglia kulipunguza maumivu kwa panya dume lakini si kwa panya jike, ilhali tafiti nyingi za awali zilikuwa zimetumia madume pekee.