Je, Wajua Kwa Nini Vikaragosi vya Thunderbirds Havikutembea?

Anayeitazama upya "Trapped in the Sky", sehemu ya kwanza ya Thunderbirds, mfululizo wa televisheni wa vikaragosi, iliyorushwa nchini Uingereza tarehe 30 Septemba 1965, huenda akaona jambo lililompita utotoni: waokoaji hodari wa familia ya Tracy karibu hawapigi hatua. Huketi, huendesha, hupanda vyombo, au huonekana kuanzia kiunoni kwenda juu.

Chanzo ni uzito. Kila kikaragosi kilining'inia kwenye nyaya nyembamba za tungsteni, na aliyekichezesha alisimama juu kabisa ya jukwaa, kwa hiyo miguu haikubeba chochote. Hatua ikawa kama ya mtu anayeelea. Baadhi ya nyaya hizo zilipitisha pia umeme uliotokana na sauti zilizorekodiwa, ukaichochea sumaku ndogo ndani ya kichwa, nayo ikauchezesha mdomo wa chini. Ndiyo maana vichwa ni vikubwa kuliko viwiliwili. Mkono ulipotakiwa kubonyeza kitufe, ulipigwa picha mkono wa binadamu, na ukitazama kwa makini utaona hata ngozi yake hailingani na ya kikaragosi.

Gerry na Sylvia Anderson, watayarishaji wake, waliugeuza udhaifu huo kuwa hadithi. Katika sehemu hii, ndege ya nyuklia iitwayo Fireflash imetegwa bomu kwenye magurudumu, haiwezi kutua, na ikizidi kukaa angani abiria watadhurika kwa mionzi. Virgil, mmoja wa akina Tracy, haokoi kwa kukimbia. Anaketi ndani ya gari na kuyaongoza magari mengine yanayoipokea ndege kwa chini, ikiwa bado katika mwendo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye ufundi wote: Derek Meddings, msimamizi wa picha za mifano, na wenzake waliiacha ndege ya mfano ikining'inia mahali pamoja huku barabara ya kutulia ndege, iliyotengenezwa kwa mkanda unaozunguka, ikipita chini yake. Kamera ilinasa picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, hivyo zilipooneshwa kwa mwendo wa kawaida, kitu chepesi kilionekana kizito na kikubwa.

Mwaka 1967, katika Captain Scarlet, mfululizo mwingine wa akina Anderson, sumaku ilihamishiwa kifuani na vichwa vikapata ukubwa wa kibinadamu. Miguu, hata hivyo, iliendelea kufichwa.