Tunahesabuje maliasili za Kigoma, na kwa nini hatuanzii ziwani

Mvuvi wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, anapoona maji yamegeuka rangi baada ya mvua kubwa, tope hilo huenda wiki iliyopita lilikuwa udongo wa shamba la mihogo mlimani. Likitua juu ya miamba ya ufukweni hufunika ukoga ambao samaki wadogo wa mawe huula, na huziba mianya wanamozalia. Wengi wa samaki hao hawapatikani popote duniani nje ya Ziwa Tanganyika.

Kwa sababu hiyo tathmini ya maliasili ya Kigoma haiwezi kufuata mipaka ya wilaya. Inafuata maji. Mto Malagarasi huanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, huzunguka kupitia mabwawa na mbuga za maji, hupokea Mto Ugalla unaotoka upande wa Tabora, kisha humwaga ziwani katika Wilaya ya Uvinza. Bonde lake lina takriban kilomita za mraba 130,000. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotambuliwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, hupunguza kasi ya maji na kuyachuja kabla hayajafika ziwani. Msitu unaokatwa Tabora, basi, unawahusu pia wavuvi wa Kigoma, ingawa kwenye makaratasi mikoa hii miwili hupangiwa kila mmoja peke yake.

Kazi huanza na picha za setilaiti. Zina faida kubwa: picha za mwaka 1972 zilipolinganishwa na za 1999, kila mtu aliona jinsi misitu iliyozunguka Hifadhi ya Gombe ilivyotoweka huku ya ndani ikibaki. Lakini picha ina mapungufu yake. Miombo hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo ukichukua picha ya Agosti utadhani msitu umeisha. Halafu msitu ambao mininga na mikurungu yake yote imeshapasuliwa mbao bado utaonekana wa kijani ukitazamwa kutoka angani.

Ndiyo maana lazima tuingie porini kwa miguu. Tunapima duara dogo la ardhi, tunazungushia utepe kila mti kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini, tunaandika aina yake, visiki na miche inayochipua. Hapo mzee wa Kiha anayeijua miti kwa majina ana thamani kuliko kifaa chochote tulichobeba. Mimi huwa natazama miche kwanza. Msitu wenye miti mikubwa mizuri lakini hauna miche ni kama nyumba ya wazee watupu.

Sokwe nao hatuwahesabu kwa macho, maana wanakimbia watu. Tunahesabu viota. Sokwe mkubwa hujenga kiota karibu kila usiku, na sisi hukadiria idadi yao kwa kujua kiota huchukua siku ngapi kuoza. Masika viota huoza upesi, kiangazi hudumu zaidi. Anayesahau hilo atatangaza kwamba sokwe wameongezeka au wamepungua, kumbe kilichobadilika ni majira. Na sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, kwenye misitu ya vijiji na ya wilaya, kwa hiyo kuhesabu Gombe na Mahale peke yake hakutoshi.

Ziwa ndilo linalodanganya zaidi. Lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na mtu anaweza kuamini kwamba samaki wake hawawezi kwisha. Kweli ni kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina hewa ya oksijeni. Dagaa na migebuka wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Upepo wa kusi, kati ya Mei na Agosti, ndio unaokoroga maji na kupandisha virutubisho kutoka chini. Maji ya juu yanapozidi kupata joto, kukorogeka huko hupungua, na chakula cha dagaa nacho hupungua.

Takwimu za mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa, zinahitaji uangalifu wa kipekee. Vipe, yaani vyombo vya kuvulia usiku, huvua dagaa kwa taa, na wakati wa mbalamwezi taa haivuti samaki, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika. Nimeshuhudia takwimu zilizokusanywa wiki hiyo hiyo zikisomwa mbele ya viongozi kama ushahidi kwamba dagaa wamekwisha. Inaumiza, kwa sababu uamuzi unaotoka hapo unagusa riziki ya watu. Tanzania iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, njia ya kujua faida yake ni kulinganisha vipimo vya kabla na baada, kwa siku zinazofanana za mwezi, miaka kadhaa mfululizo.

Kuna jambo moja linaloachwa mara nyingi: matumizi. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa kuni kwa karne nyingi. Mawese yanachemshwa kwa kuni. Ukipima msitu bila kupima mafiga, umepima nusu.

Timu ikifika kijijini kwenu, msiogope kutaja idadi halisi ya ng'ombe, mizinga au matanuri ya mkaa. Naelewa hofu ya kuhamishwa, na mna haki ya kuuliza takwimu zitatumikaje kabla ya kujibu. Daini nakala ya ramani ibaki ofisi ya kijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi utakapoletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tafuteni kwenye ramani hiyo chemchemi ambayo kina mama huchota maji mwezi wa tisa. Kama haimo, msipitishe mpango mpaka ichorwe.